Maji ya Kuoshea Gari na Haki ya Jirani

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, somo letu la mara hii huenda likaonekana dogo mbele ya baadhi yenu, kwani twataka kusema juu ya kuosha gari. Atauliza mtu: Je, hili nalo lina darsa? Twajibu kwamba lina darsa, na darsa lenyewe tulifundishwa sisi kwanza, tena na mtu ambaye hakupata kuketi katika halaka yetu hata siku moja.

Kisa chetu Langas

Tulikuwa safarini kutoka Mombasa kwenda Eldoret, mji wa nyanda za juu, ulio mita zipatazo 2,100 juu ya usawa wa bahari, ambao mwezi wa Agosti 2024 ulipewa hati ya kuwa jiji. Mwenyeji wetu akaa Langas, mtaa mkubwa wenye watu wengi, kusini-magharibi ya mji, karibu na barabara iendayo Kapsabet na Kisumu. Zilikuwa siku za mvua, na gari letu lilifika limejaa tope mpaka madirishani. Asubuhi yake ilikuwa Ijumaa, tukaona haya kwenda msikitini na gari la namna ile. Tukamwita kijana mmoja, tukapatana ujira, akaunga mpira katika bomba la mwenyeji wetu, akaanza kazi.

Kijana hakuwa na kosa. Sisi ndio tuliomwambia asiyaonee maji uchungu. Basi akamwaga, akatia sabuni ya unga, akasugua, akamwaga tena. Na alipokuwa akisugua magurudumu mpira ulilala chini wazi, maji yakitoka bila ya kazi. Povu likachukua tope na mafuta, likashuka mtaroni.

Hapo akapita mama mmoja mzee, jirani, asiye wa dini yetu, mkononi ana mtungi mtupu. Tukamwamkia: “Shikamoo, mama.” Akaitikia: “Marahaba, wanangu. Poleni na safari.” Kisha akasimama kidogo, akasema: “Niwieni radhi, wanangu. Hayo maji yenu mwajua yaenda wapi?”

Tukageuka kutazama. Mtaro ulipita nyuma ya ua, ukapinda, ukakaribia kisima kifupi kisichokuwa na ukingo wa kuzuia maji ya juu. Povu letu lilikuwa limekwisha kufika pale. Yule mama akasema: “Pale ndipo tuchotapo.” Hakuongeza neno, akaenda zake.

Ndugu zetu, tulikwenda kusali Ijumaa ile na gari linalong'aa na nyuso zenye aibu. Tulikuwa tumefanya makosa mawili kwa mara moja. Tulimwaga maji safi ambayo yeye hakuwa nayo, na tukayatia uchafu maji aliyokuwa nayo. Hilo ndilo somo letu, na yote yanayofuata ni kulieleza tu.

Hali ya maji katika Langas

Yafaa msomaji wa pwani ajue kwamba jambo hili si la kisima kimoja. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanywa na wataalamu katika mtaa huo huo wa Langas. Waliwauliza watu 192 habari za maji na vyoo vyao, na wakachukua sampuli 40 za maji: 31 za visima vifupi, 4 za visima virefu, na 5 za mabomba. Walikuta kwamba watu 91 katika kila 100 walitegemea visima kwa maji ya nyumbani. Wakakuta pia kwamba vyoo vya shimo vipatavyo 40 katika kila 100 vilikuwa karibu na visima kwa chini ya mita 15. Matokeo ya maabara yalikuwa haya: sampuli zote za visima vifupi zilikuwa na vijidudu vinavyoonyesha uchafu, na karibu zote, yaani 97 katika kila 100, zilionyesha vijidudu vya kinyesi. Hata katika visima virefu, viwili kati ya vinne vilionyesha vijidudu hivyo. Maji ya bomba peke yake ndiyo yaliyotoka safi, sampuli zote tano.

Tangu hapo miaka mingi imepita, na hatusemi kwamba hesabu ya leo ni ile ile. Lakini fundisho lake halijapita. Mahali ambapo nyumba, choo na kisima vimebanana, maji ya bomba ni hazina, kwa kuwa ndiyo ambayo mtoto aweza kuyanywa asiugue tumbo. Basi mwenye kuyamwaga hayo juu ya gurudumu la gari, huku jirani yake akinywa ya kisima, amekipindua kila kitu mahali pake. Kinachofaa mdomo wa mtoto amekipa chuma.

Na maji hayo ya bomba hayakuzaliwa ndani ya bomba. Eldoret hupata maji yake kutoka mabwawa, miongoni mwao Chebara katika mto Moiben, na mabwawa ya Two Rivers na Ellegirini. Yakitekwa huko husafishwa kwa dawa na mitambo, hupitishwa katika mabomba ya masafa marefu, na kila hatua ina gharama. Tena hayaishi kwetu. Maji yanayotiririka kutoka mitaroni ya mji hutafuta mto Sosiani, na maji ya Sosiani huingia katika mto Nzoia, na Nzoia humwaga katika Ziwa Victoria. Mafuta na sabuni ya gari moja ni kitu kidogo. Lakini magari ya mji mzima, kila wiki, mwaka mzima, si kitu kidogo kwa samaki wala kwa wanaoteka maji huko chini.

Hukumu ya jambo hili

Hapana haja ya kurefusha. Wanavyuoni wamekubaliana kwamba kufanya israfu katika maji ni jambo la kulaumiwa, hata katika ibada yenyewe. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja, nacho ndicho kiitwacho mudi, na akioga kwa pishi moja, yaani vibaba vinne, mpaka vibaba vitano. Kwa vipimo vya leo kibaba hicho hakizidi robo tatu ya lita, na pishi hiyo haizidi lita tatu. Na imesimuliwa pia kwamba alimkataza sahaba wake Saad asizidishe maji katika udhu ijapokuwa yuko ukingoni mwa mto unaopita. Wapo waliosema maneno juu ya sanadi ya simulizi hiyo ya pili, lakini maana yake yaungwa mkono na mengine mengi. Basi ikiwa udhu, ambao ni ufunguo wa sala, una kipimo, vipi gari liwe halina kipimo?

Tena gari si mwili wa mwenye janaba, wala si chombo kilichorambwa na mbwa hata kikaoshwa mara saba. Tope la njiani halikusemwa kuwa ni najisi madamu hapana najisi inayoonekana ndani yake, na katika madhehebu yetu ya Shafi husamehewa hata lile ambalo si rahisi kujikinga nalo. Kwa hiyo kuosha gari ni jambo la halali, zuri kwa nia njema, lakini si faradhi wala si tohara. Anayeliosha kila asubuhi kwa mpira wazi, kisha akajiona kwamba anatimiza usafi wa dini, ameichukua ada akaivika joho la ibada.

Na lililo kubwa zaidi ni haki ya jirani. Sheria yetu imesimama juu ya msingi kwamba mtu asidhuru wala asilipe dhara kwa dhara. Mtume (S.A.W.) amekataza kwenda haja katika mahali wanapoteka watu maji, na njiani, na kivulini, kwa sababu ya maudhi yanayowapata watu. Je, kuna tofauti gani kati ya uchafu ule na mafuta ya gari yakifika kisimani? Na mkumbuke kisima cha Ruma, huko Madina, ambacho Sayyidna Uthman alikinunua kwa mali yake akakifanya wakfu, wapate kuteka matajiri na maskini. Yule alinunua maji ili wengine wanywe. Sisi twayanunua tupate kuyamwaga.

Wala haki ya jirani haiulizi dini yake. Jirani asiye Mwislamu ana haki ya ujirani, na maji ni ya kwanza katika hiyo. Hata sheria za nchi zimekubaliana nasi katika hili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Na sheria ya mazingira ya mwaka 1999 imeharimisha kutia vitu vya sumu na uchafu katika maji.

Tufanye hesabu

Baadhi ya ndugu watasema: “Maji ya kuosha gari ni machache.” Basi na wapime. Chukua mtungi wa lita 20, utie mpira wako wa maji, utazame saa. Tuseme mtungi umejaa kwa dakika mbili. Maana yake mpira watoa lita 10 kila dakika. Ukiuacha wazi dakika 15 umemwaga lita 150, nazo ni mitungi saba na nusu. Kwa kipimo cha Mtume (S.A.W.), kibaba cha robo tatu ya lita, maji hayo yatosha udhu wa watu 200. Umesimama uani peke yako na mpira, kumbe umemwaga udhu wa msikiti mzima.

Sasa linganisha na ndoo. Ndoo ya lita 10 ya sabuni, ndoo ya lita 10 ya kusuuzia kitambaa, na lita 10 za kumalizia. Jumla ni lita 30. Gari dogo hutakata kwa maji hayo, na lita 120 zimebaki. Hizo ni mitungi sita, ambayo mama yule wa Langas angeibeba kichwani kwa safari sita.

Namna ya kuosha

Haya ndiyo tuliyoyajaribu sisi wenyewe tangu tuliporudi, tukayaona yafaa.

La kwanza, usioshe mpaka iwe haja. Vumbi la siku mbili huondoka kwa kitambaa chenye unyevu. Vioo na taa ni vya lazima kila siku, kwa kuwa ni usalama wa watu. Mabati ya gari yaweza kungoja.

La pili, anza kwa kuondoa tope kavu kwa mkono au burashi laini, ulizoe ulitupe. Tope likiisha kuondolewa, maji yanayohitajiwa huwa nusu.

La tatu, tumia ndoo mbili na kitambaa, au sifongo. Anza juu ya paa ushuke chini, na magurudumu yawe ya mwisho, kwani ndiyo yenye uchafu mwingi. Osha sehemu moja, uisuuze, ndipo uende sehemu nyingine, sabuni isikauke ikakulazimisha kurudia. Osha asubuhi na mapema au alasiri, si jua la utosini.

La nne, kama huna budi kutumia mpira, utie kifungio mdomoni, maji yatoke unapobana tu. Na mashine ya kusukuma maji kwa nguvu, ikitumiwa na mjuzi, hutoa maji machache kuliko mpira ulio wazi. Lakini ikiachwa ikinguruma huku watu wazungumza, faida yake yote hupotea.

La tano, weka maji ya mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Basi paa la mabati la mita za mraba 30, ikinyesha mvua ya milimita 20, hupokea lita 600. Hata theluthi ikipotea, zimebaki lita 400. Nyumba ya Langas yenye mfereji wa bati na pipa haina haja ya kugusa bomba kwa ajili ya gari katika miezi ya mvua. Hata maji ya kisima yasiyofaa kunywewa yafaa kwa gari, madamu hukukausha kisima cha watu.

La sita, na hili ndilo tulilosahau sisi, tazama maji yaendako kabla hujafungua bomba. Usioshee karibu na kisima, wala mahali palipo juu yake, wala penye mtaro uendao mtoni. Tia sabuni kidogo, isiyo kali. Maji ya sabuni kidogo yakimwagwa majanini, mbali na kisima, udongo hupunguza uchafu wake. Lakini mafuta ya injini na grisi udongo hauyawezi. Hayo hayamwagwi chini kamwe. Kwa kuosha injini, lipeleke gari mahali penye sakafu ya saruji na shimo la kutenga mafuta na maji kabla maji hayajaingia katika bomba la maji machafu.

Majibu ya shubha

Yupo asemaye: “Maji ni yangu, nimeyalipia.” Twamjibu kwamba umelipia kuyatumia, hukulipia kumdhuru mtu. Na mali ikiwa ni yako ndiyo kwanza utaulizwa uliitumiaje; kwani israfu huwa katika mali ya mtu mwenyewe, ama ya mwenziwe jina lake ni dhuluma.

Yupo asemaye: “Usafi ni sehemu ya dini.” Ni kweli, na sisi twausisitiza. Lakini usafi wa mmoja unaofanywa kwa uchafu wa mwingine haukuondoa uchafu. Umeuhamisha tu, kutoka kwa mwenye gari hata kwa mwenye mtungi.

Na yupo asemaye, naye ana hoja kuliko hao wawili: “Vijana hupata riziki kwa kuosha magari. Mwataka wakae bure?” Hasha. Kazi ya mkono ni heshima, na kijana aoshaye gari Langas ni bora kuliko mwenye kukaa barazani akinyosha mkono. Lakini yeye hufanya apendavyo mteja. Sisi wenye magari tukimwambia, “Twataka ndoo, hatutaki mpira, na hapo karibu na kisima usioshee,” atafanya hivyo, na kazi yake haikupungua. Na tukimwongezea kidogo kwa kuwa kazi ya ndoo yachukua muda, hiyo ni haki yake wala si hisani. Vijana wakishirikiana wakachimba shimo moja la kutenga mafuta, wenye magari ndio wa kwanza kupasiwa kuchangia.

Na sisi wa pwani

Msidhani, ndugu zetu, kwamba tumekwenda mbali ili tuwasahaulishe ya karibu. Mombasa hunywa maji yanayotoka nje yake: mengine Mzima, kwa bomba lililomalizika mwaka 1957, lenye urefu wa kilomita zipatazo 220, mengine Baricho, kando ya mto Sabaki, mengine Marere na Tiwi. Nani kati yetu hajapata kukaa siku kadha bomba likitoa upepo mtupu, akanunua mitungi ya mkokoteni? Na siku hiyo hiyo, mtaa wa pili, gari laoshwa kwa mpira.

Visima vyetu navyo vimo hatarini. Ardhi yetu ni mawe ya matumbawe yenye matundu. Uchafu umwagwao juu haukawii kufika chini. Na Lamu hutegemea maji matamu yaliyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela, yaliyolala juu ya maji ya chumvi. Yakitekwa kupita kiasi, chumvi hupanda, na kisima kilichoingia chumvi hakirudi kwa siku moja. Wazee wetu walilijua hili. Kila msikiti wa kale ulikuwa na birika, na vijiwe vya kusuguia miguu, na kata ya kutekea; na aliyechovya zaidi ya haja yake alikanywa mbele ya watu, wala hakukasirika. Bomba lilipokuja tukasahau kata, na tukasahau kukanyana.

Basi twawaomba ndugu zetu waanze na jambo moja tu wiki hii. Kabla ya kuosha gari, jiulize swali la mama yule: maji haya yaenda wapi? Sisi tulirudi Langas kabla ya kuondoka, tukamtaka radhi. Pamoja na mwenyeji wetu na kijana yule, tukanunua saruji na mawe, kisima kikajengewa ukingo, na mtaro ukageuzwa. Hatukufanya jambo la kusifiwa, tulilipa deni. Na kisima kile bado ni kifupi, na choo bado ki karibu, na mama yule bado ana haki ya bomba ambayo ukingo wetu haukumpatia. Alipoona kazi imekwisha alisema tu, “Ahsanteni, wanangu,” akatia mtungi wake kisimani.

Maswali ya kuzungumzwa katika halaka

1. Mtume (S.A.W.) alitawadha kwa maji kiasi gani? Kila mmoja apime nyumbani kwake udhu wake mwenyewe, aje na hesabu.

2. Maji yanayotoka katika ua wako hupita wapi, na nani hukutana nayo?

3. Katika mtaa wenu, nani hana bomba, na ninyi wenye bomba mmemfanyia nini?

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kusikia neno jema wakalifuata, hata likitoka kwa asiye mwalimu. Wabillahi tawfiq.